Holili, Namanga au Horohoro: mpaka upi kwa safari ya gari ya kwenda kuona ndugu na wanyama Kenya?

Familia nyingi za Kaskazini na za Pwani ya Tanzania zina watu wao Kenya. Mchaga wa Rombo ana binamu Loitokitok, Mpare ana shangazi aliyeolewa Taveta, Mdigo wa Tanga ana nusu ya ukoo Kwale, na wa Arusha hakosi mdogo wake anayefanya kazi Nairobi. Likizo ya Juni au Desemba inapokaribia, wazo ni lile lile: tujaze mafuta, twende na gari letu, tukawasalimie wazee, na watoto waone tembo njiani. Kinachobaki ni kuamua mpaka wa kuvukia, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kuangalia kilomita peke yake.

Msimamo wangu ni huu. Kama ndugu zako wako Voi, Mombasa, au hata Nairobi lakini huna haraka, vukia Holili na upite Tsavo. Kama wako Nairobi na una siku chache, vukia Namanga, sahau Amboseli na uwapeleke watoto Mbuga ya Nairobi. Kama safari ni ya ndugu zaidi kuliko wanyama, na ndugu wenyewe wako Kusini mwa Mombasa, Horohoro inatosha kabisa. Nitaeleza kwa nini.

Holili: wanyama wako barabarani

Kutoka Moshi hadi Holili ni chini ya kilomita 40, lami nzuri kupitia Himo. Kituo cha huduma kwa pamoja cha Holili na Taveta kimefanya kazi tangu 2016, kwa hiyo unasimama upande mmoja tu, ule unaoingia, na kumaliza uhamiaji na forodha za nchi zote mbili mahali pamoja. Malori yapo, lakini si kama Namanga.

Ukishaondoka Taveta mjini unapita kilima cha Salaita, ambako majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana Februari 1916, kisha barabara inakata kusini mwa Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Kutoka Taveta hadi Voi ni takribani kilomita 110, na kwa sehemu ya kipande hicho una hifadhi kulia na kushoto. Huingii getini, hulipi kiingilio, unapita tu kama basi linavyopita. Pundamilia na swala huonekana kwa urahisi, na kiangazi tembo huwa karibu kiasi cha kukulazimisha usimame wapite. Ni tembo wekundu, kwa sababu hujirushia udongo mwekundu wa Tsavo, na mtoto aliyezoea kuwaona vitabuni wakiwa wa kijivu atauliza maswali mpaka Voi.

Hiyo ndiyo faida kubwa ya Holili: hata kama hela ya kiingilio haipo, watoto hawarudi mikono mitupu. Ukiwa nayo, uchaguzi ni mpana. Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi kwa pamoja zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na Voi imekaa mlangoni. Geti la Voi la Tsavo Mashariki liko kilomita chache tu kutoka mjini. Unalala kwa ndugu, unaamka alfajiri, saa kumi na mbili geti linafunguliwa nawe uko hapo, unazunguka kinamasi cha Kanderi na bwawa la Aruba, na saa sita mchana uko mezani kwa shangazi. Sijui mpaka mwingine unaokupa ratiba ya namna hiyo bila kulipia hoteli.

Tsavo Magharibi inataka siku nzima na gari la juu kidogo. Kitu cha kwenda kuona huko ni Mzima. Mvua inayonyesha kwenye Milima ya Chyulu huzama kwenye miamba ya volkano, ikachujwa humo, na kutokea Mzima ikiwa maji safi kabisa, makazi ya viboko na mamba. Kuna njia ya kutembea kwa miguu ukiwa na askari wa wanyamapori, na chumba kidogo kilichojengwa chini ya maji chenye madirisha ya kutazamia samaki, na ukibahatika, kiboko. Kwa watoto waliokaa garini tangu asubuhi, kule kushuka na kunyoosha miguu ni nusu ya raha. Tena chemchemi hiyo ndiyo inayolisha bomba la maji la Mombasa. Waambie watoto kwamba maji ya bombani kwa mjomba yalianzia hapa kwa viboko. Jirani kuna uwanda wa mawe meusi ya volkano unaoitwa Shetani, na kuna eneo la faru la Ngulia.

Niseme na upungufu wake. Tsavo ni pori la vichaka. Wanyama wapo, lakini wana nafasi ya kujificha, na simba unaweza kumkosa siku nzima. Mtu mwenye pupa ya kuona kila kitu ndani ya saa tatu atanung'unika. Mimi huona thawabu yake iko kwenye wanyama ambao hukuwazoea Manyara wala Mikumi: swala twiga, anayesimama kwa miguu miwili kula majani ya juu, na choroa mwenye pembe ndefu zilizonyooka. Ila lazima uwe na mtu garini mwenye macho na subira, na mara nyingi mtu huyo ni bibi.

Kutoka Voi, Mombasa ni kama kilomita 160. Nairobi ni zaidi ya 300, kupitia Mtito Andei. Barabara hiyo ina malori mengi mno. Usiiendeshe usiku, na ile ya Taveta kwenda Voi usiiguse kabisa jua likishazama, kwa sababu tembo hawana taa.

Namanga: haraka, lakini Amboseli si ya kupitia

Hapa ndipo watu hupotoshwa na ramani. Wanaona Amboseli iko kando ya Namanga, wanasema tutapitia. Kutoka Namanga hadi Meshanani, geti la Amboseli la upande huo, ni makumi ya kilomita za changarawe iliyokunjamana, inayotikisa gari hadi kufungua boliti. Kwa Noah iliyojaa watu na mizigo ya zawadi, ni adhabu. Ukishafika ndani, huwezi kuigeuza kuwa safari ya saa mbili. Utatokea geti la Kimana upande wa pili wa hifadhi, ushike lami hadi Emali, kisha barabara ya Mombasa mpaka Nairobi. Ni safari yake yenyewe, yenye usiku wake na bajeti yake.

Pamoja na hayo, sitaki kuinyima Amboseli sifa yake. Kwa saa moja ya kutazama, hakuna hifadhi kati ya hizi inayokupa tembo wengi kama hii. Ni ndogo, kilomita za mraba 392 tu, tambarare, na katikati ina mabwawa yanayolishwa na maji ya Kilimanjaro yanayopita chini ya ardhi. Kiangazi kikikaza, tembo wote hujaa kwenye mabwawa hayo, ukoo kwa ukoo, bibi mzee mbele na vitoto katikati. Watafiti wamewafuatilia tembo wa Amboseli tangu 1972, kizazi baada ya kizazi, wakijua nani mama wa nani. Ukimweleza mtoto kwamba lile kundi ni bibi, binti zake na wajukuu wake, naye yuko njiani kwenda kwa bibi yake, ataelewa mengi kuliko maelezo yoyote ya kitabuni. Na mlima unaonekana kwa upande ambao sisi wa Moshi hatuuzoei, alfajiri kabla mawingu hayajaufunika.

Kwa hiyo Amboseli dhidi ya Tsavo naipima hivi: Amboseli inakupa wanyama wengi kwa muda mfupi, ila inakutoa njiani na inakuondoa kwa ndugu. Kiingilio chake nacho kiko daraja la juu kuliko cha Tsavo. Tsavo inakuchosha macho, ila ipo njiani na nyumba ya shangazi iko mlangoni. Kama una wiki mbili, nenda Amboseli kwa heshima yake. Kama una siku tano, usiikate safari ya ndugu vipande kwa ajili yake.

Kuna njia ya tatu ambayo watu wa Rombo wanaijua na wengine hawaijui: kuvukia Tarakea kwenda Loitokitok. Lami inafika Tarakea kwa upande wetu, na Loitokitok ina lami hadi Emali kupitia Kimana, hivyo unafika geti la Kimana bila ile changarawe ya Meshanani. Ni mpaka mdogo lakini, na kabla hujaondoka nyumbani ulizia taratibu za kuvusha gari pale, usije ukarudishwa Holili.

Ukiiacha Amboseli, Namanga inabaki kuwa njia ya haraka kuliko zote kwenda Nairobi. Arusha hadi Nairobi ni kama kilomita 270, lami tupu, na ndugu wengi wanaishi Kitengela au Athi River, ambako unafika hata kabla ya kugusa foleni za jiji. Na Nairobi ina hifadhi yake, ya kwanza kutangazwa Kenya, mwaka 1946, kilomita za mraba 117, ukitazama nyuma ya twiga unaona maghorofa. Ina simba, nyati, twiga na vifaru, na kwa vifaru naiweka mbele ya Tsavo, maana eneo ni dogo na ni la wazi. Tembo haina. Wenye watoto wanaolilia tembo huwapeleka kwenye kituo cha tembo yatima cha Sheldrick, ambacho hufungua kwa saa moja tu asubuhi, saa tano hadi saa sita, na lazima uweke nafasi mapema.

Uzuri wa Nairobi kwa mtu aliyekuja kuona ndugu ni kwamba mbuga haimnyimi mwenyeji siku. Mnaondoka kumi na moja alfajiri, mnarudi wakati chai inatengwa. Mwenyeji wa Nairobi hana muda kama wa Voi. Anaamka usiku, anarudi usiku, nyumba yake ni fleti ya vyumba viwili yenye nafasi moja ya kuegesha gari. Ukimletea watu saba na wiki nzima ya shughuli za watalii, utamwelemea hata kama hatasema.

Horohoro: ndugu kwanza, wanyama kidogo, bahari tele

Kutoka Tanga mjini hadi Horohoro ni kama kilomita 65, na kutoka Lunga Lunga, upande wa Kenya wa mpaka huo, hadi Likoni, mlangoni mwa Mombasa, kama 100. Ni barabara ya raha. Wadigo na Wasegeju wako pande zote mbili, lugha ni moja, chakula ni kimoja, na mara nyingi unavuka kwenda kwa mtu ambaye baba yake na baba yako walisoma madrasa moja. Kama wazee wenu wako Msambweni, Ukunda au Kwale, hakuna sababu ya kuzunguka Moshi.

Wanyama wapo, ila ni wa aina nyingine. Shimba Hills iko juu ya Kwale mjini, msitu wa kijani wenye ubaridi baada ya joto la Pwani, na ndipo mahali pekee Kenya penye palahala, yule mweusi mwenye pembe zilizopinda kurudi nyuma. Tembo wapo msituni lakini huwaoni kwa urahisi. Watoto wakubwa watafurahia kushuka hadi maporomoko ya Sheldrick. Diani kuna mbega wanaovuka barabara juu kwa juu kwenye madaraja ya kamba waliyotengenezewa. Na Shimoni kuna hifadhi ya bahari ya Kisite Mpunguti, yenye pomboo, kasa na matumbawe. Mimi naihesabu kuwa sehemu ya kutazama wanyama sawa na nyingine, na kwa mtoto wa Dodoma au Singida inaweza kumgusa kuliko simba.

Zamani kilichowakatisha watu tamaa na njia hii ni kivuko cha Likoni. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, unaizunguka foleni ya kivuko na kutokea Miritini, kwa hiyo hata kuendelea hadi Voi kutoka Lunga Lunga si mateso tena.

Na wa Kanda ya Ziwa?

Kwa ndugu zangu wa Musoma, Tarime na Rorya, wanaovukia Sirari kwenda Migori, Kisii au Kisumu, nina maneno machache. Msijisumbue kuunganisha safari hiyo na Maasai Mara. Njia ya Serengeti kuingia Mara kupitia Bologonja ilifungwa mwaka 1977 na haijafunguliwa, na kuzunguka kwa Kilgoris ni safari ndefu kwa kiingilio ghali kinachopangwa na Kaunti ya Narok. Serengeti iko mlangoni kwenu. Ingieni kwa geti la Ndabaka kabla ya kuvuka, kisha nendeni kwa ndugu mkiwa mmeshashiba wanyama. Mkitaka kitu cha upande wa pili, Hifadhi ya Ruma, karibu na Homa Bay, ina korongo, swala mkubwa ambaye Kenya nzima amebaki hapo tu.

Karatasi, hela na chakula, mpaka wowote ule

Raia wa Tanzania hahitaji viza Kenya. Chukua pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji kama huna pasipoti, kwa kila mtu, watoto wakiwemo. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, au na shangazi, awe na cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini ya wazazi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mfukoni.

Gari linahitaji kadi yake halisi, na kama si lako, barua ya mwenye gari. Bima yako ya kawaida haivuki mpaka. Inakubidi ununue bima ya COMESA, ile kadi ya njano, kwa kampuni yako ya bima kabla hujaondoka. Forodha watakupa kibali cha muda cha gari, na tarehe yake uiheshimu. Vijana watakuja dirishani wakitaka kukusaidia kwa malipo. Washukuru, uingie ofisini mwenyewe.

Getini hakuna kulipa kwa noti. Hifadhi za shirika la wanyamapori la Kenya hulipiwa kwa mtandao wa eCitizen, na raia wa Afrika Mashariki wana bei yao, ya chini mno kuliko ya mgeni wa Ulaya, mradi uonyeshe kitambulisho. Bei hubadilika, kwa hiyo itazame wiki ya safari. Njia rahisi niliyoiona ni kumtumia ndugu fedha, naye alipe kwa simu yake ya Kenya.

Jambo moja huwashtua Watanzania wengi. Tangu Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi za Kenya. Ile katoni ya maji ya chupa tuliyozoea kuitupia nyuma ya gari itazuiwa, pamoja na sahani na vikombe vya kutupa. Beba madumu, chupa za kujaza, hotpoti ya wali na sahani za nyumbani.

Zawadi nazo zipangwe kwa mpaka. Mchele wa Kyela, korosho na khanga hazina tatizo kwa kiasi cha familia. Kuku hai na miche ya migomba vina taratibu za vibali, tena ndefu, viache.

Mwenyeji aingie garini

Hili ndilo linaloniuma zaidi katika safari hizi. Tunalala kwa watu, tunakula chakula chao, halafu asubuhi tunawapungia mkono twende kuona wanyama, tukiwaacha nyumbani kupika. Kuna wazee Voi na Kwale walioishi miaka yote jirani na hifadhi wakiwaona tembo kutoka dirisha la basi, au wakiwaona shambani wakila mahindi yao, wala hawajawahi kupita getini. Kiingilio chao ni kidogo kama chako. Ukipanga viti vya gari, acha kimoja au viwili wazi tangu nyumbani. Kwa hesabu hii pia Holili inashinda: hifadhi na nyumba vikiwa jirani, mzee wa miaka sabini anaweza kwenda asubuhi na kurudi kabla jua halijamchosha. Amboseli huwezi kumpeleka hivyo.

Tena, mwambie mwenyeji siku ya kufika, usimpe saa. Mpaka haujui saa. Ukimwambia saa nane, atakaa na chakula mezani hadi kumi na moja.

Kama una siku nane au zaidi: usirudi njia uliyoendea

Anayetoka Dar es Salaam anaweza kuunganisha mipaka miwili na kumaliza ubishi. Dar hadi Same, ulale hapo kama unataka kuingia Mkomazi, hifadhi inayopakana na Tsavo Magharibi. Wakati wa mvua tembo wa Tsavo huja Mkomazi, kiangazi hurudi, kwa hiyo Juni hadi Oktoba tarajia wengi upande wa Kenya. Moshi kwa ndugu. Holili, Taveta, Voi, usiku mbili au tatu kwa shangazi na asubuhi moja Tsavo Mashariki. Mombasa kwa mjomba. Kisha Dongo Kundu, Ukunda, Lunga Lunga, Tanga na nyumbani. Jumla ni kama kilomita 1,400, bila kurudia barabara ila kipande cha kutoka Dar hadi Segera. Forodha ya Taveta waeleze mapema kwamba utatokea Lunga Lunga, na wakati wa kutoka hakikisha kibali cha gari kimefungwa kabla hujavuka. Aprili na Mei iache safari hii: masika huziharibu barabara za ndani ya Tsavo, na maji yakiwa kila mahali wanyama hutawanyika.